Sukari ya Otis

Nyumbani kwa Theodosia mgeni hapewi chai isiyo na sukari. Hata akisema "kidogo tu, mama", ataona kijiko kinazama mara nne. Ndivyo alivyo, na ukibishana naye utaongezewa cha tano.

Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoani Kigoma. Mgao wa kule ulikuwa unga, mbaazi za njano na mafuta. Sukari ilikuwa ya wagonjwa na wageni. Mtoto akilambishwa sukari, alijua kwamba siku hiyo kuna mtu anampenda. Leo Theodosia ana miaka thelathini na minane. Anaishi Beechmont, mjini Louisville, Marekani, na mumewe Jovini na binti yao Ange, mwenye miaka kumi na mmoja. Yeye anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jovini anapakia mizigo ghalani. Theodosia akirudi kutoka kazini mchana, kabla hata ya kuvua koti, anabandika sufuria ya chai ya maziwa.

Katika nyumba ya chini yao alikuwa akiishi Bibi Maureen, mjane wa Kimarekani. Bibi huyu ndiye aliyemfundisha Theodosia kuendesha gari. Siku ya kwanza Theodosia aliparamia ukingo wa barabara mara tatu. Bibi Maureen alishika mkanda wake, akasema, "Tena." Hakupandisha sauti hata mara moja. Watu wa namna hiyo ni wachache, jamani.

Mwezi wa pili bibi akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Mwanawe alikuja kumchukua ili akamuuguze kwake Columbus. Kabla ya kuondoka, bibi alimkabidhi Theodosia kizimba. Ndani yake mlikuwa na mnyama mrefu, mwembamba, mwenye miguu mifupi na uso mweupe kama aliyepakwa unga. Ni jamii ya kicheche. Wamarekani humfuga ndani ya nyumba kama paka, nao humwita fereti. Huyu jina lake Otis, umri wake miaka mitano.

"Nyumbani sina mwingine ila huyu," alisema Bibi Maureen. "Nitunzie mpaka nirudi."

"Bibi, hii ni amana," alijibu Theodosia. "Utamkuta kama ulivyomwacha."

Mwana wa bibi akamwachia karatasi ya maelekezo. Ange akaibandika kwenye friji. Mstari wa kwanza ulisema: Chakula chake kiko kwenye mfuko wa bluu, asipewe kingine. Theodosia akafungua mfuko, akachota zile punje kavu kwa kiganja, akaguna.

"Kokoto hizi? Mgeni wangu ale kokoto? Aibu iliyoje!"

Basi kuanzia siku ile Otis alipata uji wa sukari asubuhi, ndizi mbivu mchana, na jioni chai ya maziwa kwenye kisahani. Alilamba mpaka kisahani kikang'aa. Theodosia alimtazama, roho yake ikatulia.

Mshtuko wa kwanza ulikuja siku ya pili. Otis alitolewa kizimbani, akasimama katikati ya sebule, akakunja mgongo, akafungua mdomo. Kisha akaanza kurukaruka ubavu ubavu, akigonga meza, akigonga kiti, huku akitoa sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia. Theodosia alijikuta juu ya sofa, viatu mkononi.

"Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!"

Ange alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, anacheza! Anafurahi! Nimeona kwenye simu."

Siku ya nne Otis alimuuma Jovini kidole cha mguu. Jovini akataka kumpiga kofi, Ange akamzuia. Siku ya tano vizibo vya masikio vya Jovini, vile vya sponji vya kuzuia kelele kazini, vilipotea mezani. Jovini alimlaumu Ange. Ange alimlaumu Otis. Hakuna aliyemwamini Ange.

Ikafika Jumamosi. Asubuhi Theodosia alikuta Otis amelala chali kizimbani. Akamwita, kimya. Akamwinua, akaning'inia kama soksi iliyoloa, kichwa huku, miguu kule.

"Mungu wangu! Baba Ange! Otis amekufa!"

Jovini alikuja mbio, akamtikisa kidogo, akavua kofia. Theodosia alikuwa tayari ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kilio cha msibani. Nitamwambia nini bibi wa watu? Wiki moja tu! Jovini akatoa boksi la viatu vyake vya kazi, akatandika taulo ndani, akamlaza Otis humo. Kilio kikavuka ukuta, na mlango ukagongwa.

Alikuwa Bulonza, jirani wa mlango wa pili, Mkongomani wa Bukavu. Kule kwao alisomea mifugo. Hapa ni msaidizi katika kliniki ya wanyama kule Highview. Aliingia na kitambaa cha usiku bado kichwani.

"Nani amekufa, Mama Ange?"

Theodosia akaonyesha boksi. Bulonza akapiga magoti, akaweka mkono juu ya tumbo la Otis, akangoja. Kisha akatabasamu.

"Bon. Apana lia. Haiyakufa, iko nalala tu."

"Analala? Tumemtikisa kama mti!"

"Fereti inalala sana, karibu siku muzima. Na mara ingine inalala sawa mufu. Gusa hapa. Iko na joto, ao hapana? Angalia ubavu, pumuzi iko napita polepole. Ufizi iko pinki. Donc, muite jina yake, mumusugue, mumuekee chakula karibu ya pua. Mungoje dakika chache."

Walisugua. Waliita. Otis akapiga mwayo mrefu, akafungua jicho moja, akawatazama wote waliomzunguka kama mtu aliyeamshwa bure. Jovini akarudisha kofia kichwani. Theodosia alicheka huku machozi bado yanamtiririka.

Bulonza akaketi kidogo. Akawaambia kuhusu kuuma: fereti asipigwe, maana kipigo humtia woga, na woga humfanya aume zaidi. Akiuma, awekwe chini na aachwe peke yake. Akawaambia pia kwamba fereti huambukizwa mafua na binadamu, kwa hiyo mwenye mafua akae mbali naye.

"Na kukula? Anakula muzuri?"

"Anakula sana!" alisema Theodosia kwa fahari. "Hasazi."

Bulonza akaridhika. Hakuuliza anakula nini, na Theodosia hakusema. Yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Wiki mbili zikapita. Siku hizo Otis alibadilika kidogo kidogo. Pengine alisimama katikati ya sebule, akakodolea ukuta macho, kama aliyesahau anakokwenda. Pengine miguu ya nyuma ilimlegea, akaiburuta. Pengine alikwaruza mdomo wake kwa kucha. Theodosia aliona yote hayo. "Ameshiba," alisema. Akamwongezea uji.

Jumanne moja alasiri Theodosia alikuwa anasonga ugali. Ange alikuwa amerudi kutoka shuleni.

"Mama, Otis amelala sakafuni. Haamki."

Theodosia akacheka bila kugeuka. "Mwache mwenye usingizi wake. Hatumtii boksini mara mbili!"

"Lakini Mama..."

"Ange, ndivyo wanavyolala. Umemsikia Mama Bulonza mwenyewe."

Akamaliza ugali. Akakaanga mboga. Akapakua. Ngojangoja huumiza matumbo, na siku hiyo ilikaribia kuua. Dakika ishirini nzima zilipita, msomaji, na Theodosia amezihesabu mara nyingi tangu hapo.

"Mama! Mate yanamtoka!"

Safari hii sauti ya mtoto ilimchoma. Akageuka. Otis alikuwa ubavuni, macho wazi, hayaoni. Povu la mate lilikuwa limelowesha kidevu. Theodosia akamgusa masikio, yalikuwa ya baridi. Akafunua mdomo, ufizi ulikuwa umepauka kama karatasi. Mwiko ukamponyoka mkononi.

"Yesu na Maria! Mpigie Mama Bulonza! Mpigie sasa hivi!"

Bulonza alikuwa kazini. Sauti yake simuni haikuwa na kicheko hata chembe.

"Ile haiko usingizi. Muko na asali? Mupake kidogo ku ufizi, kwa kapamba ka masikio. Apana kidole, ataweza kukuuma bila kujua. Apana kumumiminia, itaingia mu mapafu. Alafu mumulete hapa mbio. Mbio, Mama Ange!"

Asali ilikuwepo. Ange alishika kichwa, Theodosia akapaka. Baada ya dakika chache Otis akalamba mdomo mara moja. Jicho likapepesa.

Jovini alikuwa kazini, alikuwa ameondoka na rafiki yake. Gari lilikuwepo, lakini Theodosia hakuwahi kuendesha kwenye barabara kuu. Miezi minane alikuwa akizunguka kwa vichochoro, kwa sababu malori yalimtisha. Akamvika Ange mkanda, akamweka Otis mapajani pake ndani ya taulo, akashika usukani. Lori likampita kwa kishindo. Akalia kwa sauti, lakini mguu haukuondoka kwenye mafuta. "Tena," alijiambia. "Tena. Tena." Hivyo mpaka Highview.

Walimpokea mlangoni. Wakampima Otis damu, sukari ilikuwa chini kabisa. Wakamwekea dripu. Daktari akataka pia picha ya tumbo, kwani fereti hupenda kutafuna sponji na mpira, na kipande kikiziba utumbo huweza kuua. Theodosia akakumbuka vizibo vya Jovini, akamweleza daktari. Picha ilionyesha utumbo uko wazi. (Vizibo vilikutwa baadaye nyuma ya sofa, saba, pamoja na soksi mbili na kifuniko cha chumvi. Jovini alimwomba Ange radhi.)

Wakiwa wanangoja, simu ikaita. Alikuwa Alliance, mdogo wake Theodosia anayeishi Lackawanna, karibu na Buffalo. Akasikiliza kisa chote.

"Dada, akifa usiseme kitu. Tafuteni mwingine mwenye uso mweupe. Bibi mzee yule atajuaje?"

Theodosia aliitoa simu sikioni, akaitazama kana kwamba imemtemea mate.

"Alliance! Hilo limetoka kinywani mwako? Nimepewa amana, nirudishe mwigo? Mama angekusikia!"

Akakata.

Bulonza akatoka na daktari. Daktari akaeleza kwa Kiingereza, naye Bulonza akaeleza tena polepole.

"Iko mu uzima. Sasa niambie ukweli, Mama Ange. Mulimupatia chakula gani?"

"Uji," alisema Theodosia. "Wa sukari. Na ndizi. Na chai."

"Chai?"

"Ya maziwa. Vijiko viwili."

Bulonza akafunga macho. "Eeh, Mama Ange. Huyu ni mukula-nyama. Tumbo yake haikufanyiwa uji. Na kuko ingine. Daktari anawaza iko kavimbe kadogo ku kongosho. Fereti wengi wa umri wake wanapataka. Haukukaleta wewe. Lakini kale kavimbe kanatoa dawa ya kufukuza sukari mu damu. Ukimupa sukari, kanaamka na kasirani, kanafukuza yote. Nyuma ya hapo damu inabaki bule, bila sukari. Ndiyo anaanguka."

"Kwa hiyo nilikuwa nampenda, kumbe namuua," alisema Theodosia. Akajifunika uso kwa mtandio. "Na alikuwa ananionyesha! Ile miguu, lile kukwaruza mdomo. Nimeona kwa macho yangu haya!"

"Uliona, haukujua. Kuuliza haiko haya, mama. Sasa unajua. Wa usingizi anakuwa na joto na anaamka. Wa mugonjwa anakuwa baridi, mate inatoka, ufizi inageuka rangi. Ukiona vile, apana ngoja."

"Na ile asali? Si sukari ile ile?"

"Ile ni ya hatari tu, ya kumufikisha kwa daktari. Haiko chakula."

Otis alipewa dawa ya kila siku. Ugonjwa ule hauponi kabisa, daktari alisema, lakini ukitunzwa mnyama huishi vizuri. Punje zake za nyama ziwepo muda wote, na asikae njaa kwa saa nyingi.

Jioni ile ile Theodosia alipiga simu Columbus. Jovini alimwambia angoje mpaka kesho. Hakungoja. Akamwambia Bibi Maureen yote, uji, ndizi, chai, zile dakika ishirini.

"Yuko hai?" bibi akauliza.

"Yuko hai. Analala. Nimemgusa, ana joto."

Bibi Maureen akavuta pumzi. "Niliandika asipewe kingine. Sikuandika kwa nini. Watu hawatii karatasi, Theodosia. Mimi mwenyewe sitii za daktari wangu." Kisha akauliza, "Umefikaje Highview?"

"Barabara kuu."

"Na malori?"

"Na malori, bibi."

Wakalia wote wawili, kila mtu na simu yake.

Baada ya hapo Ange aliisoma ile karatasi yote kwa sauti, mstari kwa mstari, na Theodosia akairudia kwa Kiswahili. Akaongeza kwa mkono wake mistari miwili: dalili za hatari, na namba ya Bulonza.

Mwezi wa tano gari lilisimama mbele ya nyumba. Bibi Maureen alishuka kwa fimbo ya kutembelea, mwanawe nyuma yake. Otis alimnusa mikono. Kisha akakunja mgongo, akaruka ubavu ubavu sebule nzima akigonga kila kitu, mpaka bibi akacheka akijishika nyonga. Alipochoka akajikunja mapajani pake, akazima kama taa. Bibi akashtuka, lakini Ange alikuwa ameshapeleka mkono.

"Ana joto," alisema. "Ni usingizi tu."

Theodosia alileta chai ya maziwa. Kijiko kilizama mara nne kikombeni mwa mgeni, bila kuuliza. Harufu ikamwamsha Otis. Akanyoosha shingo ndefu kuelekea kikombe, pua ikicheza.

"Na huyu?" bibi aliuliza kwa utani.

Theodosia akasogeza bakuli la sukari mpaka mwisho wa meza, akampa Otis kipande cha kuku.

"Huyu simpi, bibi. Huyu nampenda."