Binamu wa Mheshimiwa

"Wakili akiwa ndiye mume, wewe utamshtaki kwa nani?"

Donatille, jirani wa mlango wa pili, alimwuliza Kerubo swali hilo siku moja wakikunja nguo, hapo hapo mjini Fridley, ughaibuni. Kerubo alicheka. Jumamosi hii kicheko kingemtoka wapi?

"Rudia," Zadock, mumewe na pia wakili wake, alimwambia jikoni, akinyoosha tai. "Wewe ni nani?"

"Binamu yako."

"Vizuri. Ni hadi uchaguzi tu. Mbunge wa jimbo anayewania useneta ataelezaje ndoa ya kienyeji isiyo na cheti?"

"Na Lynette? Pete uliyomvisha nayo ni ya uchaguzi?"

"Yule ni wa mabango. Ninayekupenda ni wewe. Lakini usinichokoze, Kerubo. Makaratasi yako ya uhamiaji ninayashika mimi."

Akaupiga mkoba wake kofi. Miaka minne bahasha ya kaki ilikaa humo, pasipoti ya Kerubo ndani. Kerubo akamwita Mungu kimoyomoyo, akapeleka chai sebuleni.

Lynette, msimamizi wa kampeni, alikuwa amekwisha kuwasha kamera.

"Asante, binamu. Tukishafunga harusi utatulelea watoto, ama?"

Kerubo akakaza trei mikononi.

Video ya kampeni ilihitaji baraka za mzazi. Zadock akampigia mamake kule Nyamira, na uso wa mama ukajaa kwenye kioo cha simu.

"Mama, niombee, wapiga kura wasikie."

"Nitaomba. Mke wako yuko wapi? Mimi sibariki nyumba mwenye jiko hayupo."

"Mama, network ni mbaya..."

"Nakusikia vizuri sana! Niitie Kerubo!"

Lynette akageuka. "Kerubo si binamu yako?"

"Binamu?" mama aling'aka. "Ng'ombe saba niliwaswaga mwenyewe mpaka kwao! Tangu lini binamu akatolewa mahari?"



"Zadock," Lynette akasema polepole, "kamera bado inarekodi."

Jasho likamtoka mheshimiwa. "Mpenzi," akamgeukia Kerubo, "mwambie mama amesahau. Tafadhali."

Mpenzi! Neno hilo hakuwa amelisikia tangu walipoondoka kwao. Kerubo akaweka trei mezani, akafungua mkoba wa Zadock uliokuwa kando ya kiti, akachomoa bahasha ya kaki.

"Mama, nipo. Niombee mimi."

"Mungu akutangulie, mwanangu."

Kerubo akavaa koti la baridi. Akapita mbele ya kamera bila haraka, akafungua mlango, akatoka pasipo kuongeza neno.