Nyuzi Katika Jipu

Jumanne moja ya Machi 1996, asubuhi, mfagiaji wa uwanja wa michezo alimkuta Silantoi, mkimbiaji wa mbio ndefu, ameanguka chooni anatetemeka kwa homa. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imevimba kama boga.

Hospitalini, Daktari Twahir alipasua jipu, kisha akamwita Sajenti Kandida pembeni.

"Huyu amechomwa dawa za misuli. Sauti imekuwa nzito, ndevu zinaota. Nisipojua ni dawa gani, na wapi pengine amechomwa, namkata mguu."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Hataki kumtaja mtu." Daktari akamwonyesha bakuli. Ndani ya usaha mlikuwa na nyuzi nyekundu za sketi. "Sindano ilipitishwa juu ya nguo."

Miaka hiyo maduka binafsi ya dawa yalikuwa yamezagaa mjini, ya watu na ya mifugo. Kandida alianza mtaa wa Kimandolu, kwa Hatibu, kocha wa Silantoi.

"Ulimchoma wewe dawa za misuli, juu ya sketi?"

"Afande, dawa hizo nazijua. Wazungu wamenyang'anywa medali kwa ajili yake. Lakini mimi nawakanda hawa mapaja kila siku. Nimchome juu ya sketi, mimi kipofu?"

Jibu la jeuri, lakini Kandida hakulisahau.

Luqman, mwenye duka la dawa, naye akaruka. "Nilimuuzia vitamini tu! Kuchoma anachoma nesi Salha, nyuma ya pazia. Wanawake wanavua, wanavaa, wanaondoka."

Kandida akajumlisha. Hawa wote wangemvua. Nani asingeweza?

Jioni aliwakuta waumini watatu wa kanisa mlangoni mwa wodi, pamoja na Loishiye, baba yake Silantoi, mzee wa kanisa kutoka magharibi ya Meru. Wenzake walikwisha kuingia kumwona mgonjwa. Yeye bado.

"Shikamoo, mzee. Ng'ombe wako unawachoma sindano mwenyewe?"

"Marahaba. Nani kwetu hachomi?"

"Na binti yako?"

Waumini wakacheka. Loishiye hakucheka.

"Kocha angemvua, nesi angemvua," Kandida alisema. "Aliyemchoma juu ya nguo ni mtu ambaye kumwona Silantoi uchi ni laana kwake. Tena ni mtu ambaye Silantoi hawezi kumtaja. Kaka hana."

Mzee akatazama sakafu.

"Watu walileta asali ya kumposa binti yangu, nikawarudisha. Nikatangaza kanisani kwamba huyu anakwenda kukimbia Ujerumani. Kwenye mchujo akawa wa nne, akaachwa. Mnadani watu wakanidhihaki, 'Loishiye, huko Ujerumani mvua imenyesha?' Muuza dawa za mifugo akaniambia ipo inayotia nguvu farasi wa mashindano."

"Naye alikubali?"

"Mimi ni baba yake. Nilimwambia ageuke. Nami nikageuza uso."

"Taja dawa!" Daktari Twahir alitokea wodini.

Akaitaja.

"Umechoma mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili wapi? Ingia uonyeshe."

Loishiye aliingia, akasimama mbali na kitanda, uso ukutani. Daktari alirudia swali. Wagonjwa walikuwa wameinua vichwa. Waumini walijaa mlangoni.

Mzee wa kanisa akainua koti lake, akaweka kidole kwenye tako lake mwenyewe, la kushoto.

"Hapa," alisema.

Silantoi akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Toa mkono, mzee," Kandida akamwambia, akafungua pingu amfunge. "Tumeona."