Mashine Iliyouliza Nani Amebaki

Jua lilikuwa linazama nilipoteremka stoo ya idara ya lugha kuchukua ushahidi. Kesho yake nilikuwa na mdahalo, na wapinzani wangu wangedai kwamba watu wa kwa bibi yangu waliitupa lugha yao wenyewe. Kwa hiari, eti. Watu mia nne, msimu mmoja, kama wanaovua kandambili mlangoni.

Aliyebaki nayo ni bibi peke yake. Siku mtafiti alipokuja kijijini na mashine yake ya kunasa sauti, wengine wote waliisemea; bibi alikuwa mtoto mwenye matubwitubwi, hawezi kufungua mdomo.

Mashine hiyo vitabu havijaitaja hata kwa bahati mbaya. Niliitaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mtunza stoo alinong'ona. "Mdomo wako uache hapa nje. Humo hatusemi, tunaandikiana."

"Mnamwogopa nani?"

"Ndiwe yule wa midahalo. Swali la mtu huliachi lipite. Leo liache."

Akanipa penseli. Nikacheka, nikaingia naye.

Ndani kulinuka nta na nywele zilizoungua. Mashine yenyewe ilikuwa ya shaba, ndogo kama cherehani, ina pembe ya kusemea. Nikazungusha mpini.

Krrr... krrr...

Wanawake. Watoto. Mzee anayekohoa. Wote kwa lugha ya bibi, ile aliyonifundisha tukiwa jikoni, ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwa mtu mwingine.

Ghafla wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Nikauachia mpini.

Ukaendelea kuzunguka.

Sauti ya mwanamume, karibu kabisa na sikio langu, ikauliza kwa lugha ileile:

"Nani amebaki?"

Mtunza stoo alikuwa anatikisa kichwa, mdomo kauziba kwa viganja viwili. Lakini mimi nimeulizwa. Nikajibu kama ninavyojibu jukwaani, kwa hasira na kwa fahari, kwa lugha ya watu wangu:

"Bibi yangu. Na mimi."

Mpini ukasimama.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nikamkuta bibi jikoni anamenya vitunguu, mzima wa afya.

"Bibi, niambie kitu kwa lugha yetu. Chochote."

"Lugha gani tena?" Akacheka. "Hiyo midahalo imekupanda kichwani, mjukuu wangu. Si ndiyo hii tunayosema siku zote?"

"Ile aliyokubembelezea mama yako."

Kisu kikatulia. Midomo yake ilitafuta kitu, ikakikosa, ikatafuta tena... Machozi yakamshuka. Akayafuta kwa mkono, akautazama ule unyevu kama mtu asiyejua umetoka wapi.

"Vitunguu," akasema.

Nikafungua mdomo nimkumbushe, hata neno moja tu.

Likatoka la lugha hii hii ya siku zote.