Balikunywa juu ya diplome yangu, bakapigia mwengine makofi

"Tunyanyue bilauri juu ya diplome ya Kaswera!"

Patron Léon njo alisema vile, mezani, mbele ya batu bote.

Kaswera ni mimi.

Nikatabasamu. Nikashika Fanta yangu, nikaanza kusimama...

Binti mwengine akasimama!

Makofi!! Batu bote banamuangalia yeye. Mimi nimebaki nusu nimesimama, nusu nimekaa, bilauri mu mukono.

Bandugu yangu ya Facebook, mulishaka kuona mutu anaiba jina yako na weye mwenyewe uko pale unamuangalia?

Musicheke. Leo niko na miaka 62, na hasira ya ile siku haijapoa.

Ilikuwa 1982, hapa Bunia, wakati wa Zaïre. Papa yangu Katsuva alikuwa chauffeur, anaendesha camion ya mizigo ya Patron Léon, mucommerçant mukubwa mwenye kuuzisha kahawa. Tulikuwa tunaishi mu nyumba ya patron, nyuma ya dépôt yake ya kuweka kahawa. Mama yangu Kanyere alikuwa anauzisha ku soko samaki ya ziwa, ya kule Tchomia. Mama hakusoma. Na kusema pia, alikuwa hasemake mingi.

Mimi nilisoma. Nilisoma na njaa, nilisoma na malaria. Examen d'État, mutihani ya kumaliza secondaire, nikapata 67 pour cent! Mutoto wa chauffeur!

Siku moja papa akaingia na furaha mingi.

"Kaswera, siku ya yenga, kisha misa, saa sita tunaenda kukula ku hoteli. Patron anatualika. Ni fête ya diplome."

"Diplome yangu, papa?"

"Sasa ya nani?"

Musikie ule muzee... "Sasa ya nani!"

Mama akavaa liputa, kitenge yake ya ndoa. Papa akaazima abacost, ile suti ya wakati wa Zaïre. Mimi nikaazima viatu kwa jirani, vilikuwa vinanibana mpaka machozi, lakini nani atajali? Kwetu hakuna mutu alikuwa amekula mu ile hoteli. Nappe nyeupe pe juu ya meza! Garçon wa kuleta chakula, na noeud papillon ku shingo. Samaki capitaine muzima, analala mu sahani na ndimu mu kinywa. Mama alishika fourchette ya kukulia sawa vile mutu anashika nyoka.

Nilicheka. Mujinga mimi.

Pale mezani kulikuwa patron, binti yake Viviane mwenye miaka sawa yangu (ule alisimama), na mugeni mumoja aliyetoka Kisangani: citoyen Floribert. Yeye njo alikuwa anaandika majina ya banafunzi bapya ku institut, chuo moja kule.

Basi makofi ikaisha. Citoyen Floribert akamugeukia Viviane.

"Citoyenne Kaswera Katsuva, uko tayari kwenda Kisangani?"

Viviane akaangalia chini. "Ndiyo, citoyen."

KASWERA KATSUVA! Jina yangu na jina ya papa yangu, mu kinywa ya batu bengine!

Nyinyi batoto ya leo, mujue: wakati ule jina ya ubatizo ilikuwa imekatazwa ku papier. Ni jina ya bababu tu. Na kwetu Banande, Bakaswera bamejaa. Diplome yenyewe haikuwa na photo. Mwenye kushika papier, njo ule mutu.

Nikageukia papa.

"Papa... banasema nini?"

"Kula, mutoto."

"Papa, Kaswera ni mimi!"

Akanipiga teke chini ya meza. Papa yangu!

Citoyen Floribert akauliza, "Na huyu ni nani?"

Patron akacheka. "Mutoto wa chauffeur wangu. Malaria imemupanda ku kichwa."

Na papa akaitikia. Pole pole, na kichwa, sawa mutu anasema amina.

Nilitoka mbio, nikaingia ku toilette. Nikapiga ukuta na ngumi mpaka ngozi ikatoka. Viviane akanifuata.

"Kaswera, ulikubali, hapana?"

"Nilikubali NINI?"

"Baliniambia unaolewa Komanda. Ati hutaki tena masomo. Ati papa yako alitoa diplome ili papa yangu amuweke chef wa bachauffeurs bote."

"Mi naolewa? Na nani?!"

Akashika kinywa. "Mungu wangu... Mi nilianguka examen mara mbili. Papa anasema haya inamuua. Banatuuzisha siye bote sawa mbuzi, Kaswera."

Nilirudi mezani, nikasimama mbele ya citoyen Floribert.

"Citoyen, yule si Kaswera. Kaswera ni mimi. Uniulize kitu yote ya masomo, nitajibu!"

Akapanguza midomo na serviette. Akaniangalia na huruma kidogo.

"Najua, binti yangu."

"...Unajua?"

"Mambo ilisha kupangwa. Kaa chini, samaki yako inapoa."

Anajua!!

Nikamumwangia Fanta yote mu kifua. Garçon akaangusha sahani. Bazungu ku meza ingine bakasimama.

"Katsuva! Ondoa huyu mushenzi yako!" patron akapiga kelele. "Floribert, shika papier, tumalize."

Patron akatosha enveloppe mu mufuko, ile papa alimupatia siku ileile asubui. Floribert akaifungua. Akasoma. Akageuza nyuma, akasoma tena.

"Léon, hii ni nini?"

"Diplome."

"Hii ni karatasi ya soko. Inasema Kanyere, muuzaji wa samaki."

Patron akanyakua ile karatasi, akaigeuza huku na huku.

Patron hakujuaka kusoma. Na papa alikuwa anajua tu kusoma majina ya miji ku barabara.

Mama akaweka fourchette chini. Toka tuingie, hakusema hata neno moja.

"Diplome iko kwa masère Régine, mutawa wa lycée ya Kaswera," akasema. "Nilimupelekea ijumaa, mu enveloppe nikaacha karatasi yangu ya soko. Yeye mwenyewe atamuandikisha Kaswera Kisangani, kwa bakubwa bengine."

Papa akaruka. "Kanyere! Ulijuaka?"

"Unasemaka wakati unalala, Katsuva."

"Sasa juu ya nini ulikuya kukula hapa?!"

Mama akamuangalia. Machozi ilikuwa inashuka, lakini sauti haikutetemeka.

"Nilitaka kuona kama utamutetea mutoto yako. Nilikungojea mpaka mwisho."

Mama akakaza liputa yake. "Kaswera, twende."

Nilitosha ile viatu. Tulitembea Bunia nzima, mimi miguu chini, jua kali.

Mbele giza iingie, patron alitupa bitu yetu ku barabara. Papa alibaki kwa patron, akalala mu camion. Cheo hakupata. Mwezi wa kumi nilipanda camion, juu ya mizigo, nikafika Kisangani siku ya kumi na mbili ya safari. Kisha masomo, nilifundisha français miaka 34. Viviane sikumuona tena. Viviane, kama unasoma hii, mi sina kinyongo na weye.

Kisha miaka mingi papa alirudi kwetu, akiwa mugonjwa. Nilimulisha, nilimuosha, nilimuzika. Batu ya kanisa bananiambia, "Mama Kaswera, samehe." Nilitafuta ile samehe mu roho, sikuipata. Ule teke chini ya meza, ninausikia mpaka leo.

Muzazi, kama umaskini inakupatia haya, uibebe weye mwenyewe. Usimutume mutoto kuilipa.

Na mama mwenye kunyamaza, musifikiri amekubali. Siku ingine anangojea tu aone nani atasimama.