Nthenya Mkalimani

Nthenya aliishi mtaa wa Tena na babake, Mzee Muindi, karani mstaafu wa reli. Kazi ya Nthenya ilikuwa kuuza bima kwa simu. Alitakiwa kumbana mteja mpaka akubali, hata kama hakuelewa alichokubali. Jambo hilo lilimsumbua moyoni. Lakini babake alijivunia kuwa na binti wa ofisini.

Jumamosi moja Nthenya alikuwa akianua nguo pamoja na jirani yao, Carolyne, mwalimu wa watoto viziwi. Wakaanza kuukumbuka mtaa wa zamani, kabla magorofa hayajaziba uwanja. Watoto walirusha mpira hapo mpaka giza likaingia. Nthenya akamtaja rafiki yake Adongo, ambaye alikuwa kiziwi. Wengine walimtenga. Nthenya alizungumza naye kwa mikono, akamweleza kila kitu, hata mahubiri ya Jumapili. Kisha wazazi wa Adongo wakahamia Siaya. Siku lori lilipobeba vyombo vyao, wasichana hao waliagana kwa mikono mpaka lori likakata kona.

"Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia ile ya kumtafsiria Adongo, Mwalimu," Nthenya alisema. "Lakini ulikuwa utoto tu."

"Haukuwa utoto tu," Carolyne akajibu. "Jiulize, ni kitu gani unakifanya vizuri? Ni kazi gani unaipenda hata ikiwa ngumu? Na ni jambo gani dhamiri yako inalikataa? Kazi inayokufaa utaipata hapo. Kuna wakalimani wa lugha ya ishara, na kazi hiyo inasomewa. Ila usiache kazi yako kesho. Ijaribu hii kwanza."

Nthenya akaanza kumsaidia Carolyne shuleni kila Jumamosi. Aligundua kwamba ishara nyingi alizozijua walizibuni wenyewe, yeye na Adongo. Ilimbidi ajifunze upya. Hata hivyo, alirudi nyumbani akiwa na furaha, akajiandikisha katika masomo ya jioni.

Mzee Muindi hakupendezwa. Aliuliza kama alimsomesha ili apunge mikono hewani. Nthenya hakubishana naye. Alimwomba tu aje kwenye mkutano wa wazazi shuleni.

Siku ya mkutano Mzee Muindi alikuja. Baba mmoja kiziwi alisimama, akaeleza kwa ishara jinsi anavyotaka mwanawe afundishwe. Nthenya alimtafsiria kwa sauti. Ukumbi mzima ulimsikiliza. Njiani kurudi nyumbani Mzee Muindi akasema, "Endelea, mama. Hiyo ni kazi."

Alipohitimu, Nthenya alipata kazi ya ukalimani katika kliniki, ndipo akaacha kuuza bima. Wiki ya kwanza alikuja mama kiziwi na mtoto mgonjwa. Zamani mama huyo alikuwa akipewa dawa na kuonyeshwa mlango. Sasa, kupitia Nthenya, aliuliza maswali yake yote, moja baada ya jingine. Daktari akavuta kiti, akaketi, akamjibu.