Miiba ya Zizi la Ndama

Kila jioni, ng'ombe waliporudi kutoka malishoni, kazi ya Limi ilikuwa moja tu: kuziba mlango wa zizi la ndama kwa matawi ya miiba. Moja tu, jamani! Lakini jioni ile rafiki yake Klara alimwita wakacheze mdako. Walicheza mpaka giza likaingia, na miiba ikabaki pale pale chini.

Asubuhi ndama alikutwa ameraruliwa tumbo.

"Limi, uliziba mlango?" aliuliza baba yake, Mzee Mabula.

"Niliziba, baba," Limi alijibu.

"Basi huyu si fisi wa porini. Wa porini haondoi miiba. Huyu ametumwa na mchawi!"

Majirani walijaa. Mmoja akamtaja Bibi Melania, mjane mwenye macho mekundu. Macho yale yaliharibiwa na moshi wa samadi aliyopikia miaka yote kwa kukosa kuni, na kila mtu alilijua hilo. Lakini hasira ikipanda, nani anakumbuka? Vijana walichukua marungu, Mzee Mabula akatangulia.

Bibi angeuawa! Limi akakumbuka somo la Kiingereza la jana. Mwalimu Athanas alieleza kwamba Waingereza, mtu akijikinga na njaa, husema amemzuia mbwa mwitu asifike mlangoni.

"Kwetu ni fisi, mwalimu!" darasa lilicheka.

"Haya, fisi. Lakini hazuiwi kwa kelele akishaingia. Huzuiwa mapema."

Limi alikata mbio kupitia shamba la pamba, akafika kwanza. Akasimama mlangoni kwa bibi, mikono ameitandaza.

"Toka hapo!" baba alifoka.

"Sitoki! Nilikudanganya, baba. Sikuziba mlango, nilikuwa nacheza mdako. Muulizeni Klara. Nipigeni mimi!"

Klara, aliyekuwa nyuma ya umati, aliitikia kwa kichwa huku akilia. Marungu yakashushwa moja moja.

Bibi Melania alitoka. Alikuwa amesikia kila neno. Mzee Mabula akainama kwa aibu.

"Shikamoo, mama."

Bibi akaitikia: "Marahaba."

Kisha akamshika Limi bega. "Mjukuu wangu, mlango uliouacha wazi jana ulimwingiza fisi, akala ndama. Uongo wako wa leo umefungua mwingine, na mimi nusura niliwe. Umeuziba kwa kusema kweli, nashukuru. Lakini siku nyingine, mama, ziba mapema."