Aliyevutwa Kwanza

Mkwe wake alipotoka ndani ya tangi la tatu, hakunuka petroli.

Mzee alikuwa hoi mno hata asilitie maanani. Wiki nzima walikuwa kwenye kituo hicho cha mafuta kilichofungwa, waking'oa matangi yaliyozikwa chini ya zege tangu yeye akiwa kijana. Kazi yake ilikuwa moja tu: kushika kamba. Mkwe aliingia tangini kukwangua tope la mafuta, kamba kifuani, barakoa usoni. Barakoa hiyo ilimlinda dakika ishirini, si zaidi. Akivuta kamba mara mbili, mzee amtoe. Na kwa kuwa hewa ya mle ndani hulevya kuliko pombe, mzee alikuwa akimwuliza maswali kupitia tundu la juu, ili ajue kama akili bado imetulia.

"Mlango wa nyumba yenu una rangi gani?"

"Kijani, baba."

"Mimba ya mkeo ina miezi mingapi?"

"Saba! Kwa mitihani hii, mjukuu wako atazaliwa na kalamu sikioni."

Maswali yalikuwa yale yale kila siku. Mzee hakuwa na nguvu ya kutunga mengine.

Sasa mkwe alikuwa ameshafungua kamba na kukaa kivulini juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha maji mkononi. Mzee akaiteremsha kamba tena, ikiwa na kulabu, ili aopoe ndoo ya mwisho ya tope. Kreni ya kunyanyua tangi ilikuwa njiani.

"Achana na hiyo ndoo, baba," mkwe alisema. "Twende nyumbani."

"Tumalize kwanza."

Kamba ikavutwa. Mara mbili.

Mzee alidhani imenasa mahali. Ikavutwa tena mara mbili, kwa unyonge, kama mkono wa mtu aliyeishiwa.

Ng'ambo ya shimo, mpima udongo aliacha kuchimba. Alikuwa binti mdogo aliyetumwa kuangalia mafuta yamevuja hadi wapi. Alichota udongo wa kila kina, akautia kwenye chupa, kisha akausogezea kipimo chake kinacholia kikinusa petroli.

"Mzee," alinong'ona. "Hebu tazama hiki."

Akakielekeza kwenye lundo la udongo, kikalia. Akakielekeza kwenye viatu vya mzee, kikalia. Kwenye mkono wake mwenyewe, ambao haujawahi kuingia tangini, kikalia pia. Halafu akakipeleka polepole hadi kwenye shati la yule aliyekaa kivulini.

Kimya.

"Ametoka humo sasa hivi," binti alisema. "Sasa hivi, mzee."

Mzee akamgeukia yule wa kivulini. "Mlango wa nyumba yenu..."

"Kijani, baba."

"Na mimba ya..."

"Miezi saba, baba."

Mzee akatafuta swali jipya, swali moja tu ambalo hajawahi kulipigia kelele kwenye lile tundu, akakuta kichwa chake kitupu kama debe, na moyoni alitamani kuamini, kwa sababu huyu wa kivulini alikuwa mzima, amekaa, ana sura ile ile anayoipenda binti yake, anamwita baba kwa upole, na kama angeiachia tu kamba siku ingeisha, angeoga, angelala, wakati huyo wa chini angeweza kuwa kitu chochote kile, kitu ambacho akishakipandisha juu hataweza tena kukirudisha.

"Usivute, baba," yule wa kivulini alisema. "Kilichomo humo si mimi."

Mzee akatazama saa. Dakika ya kumi na tisa tangu barakoa ivaliwe.

Akavuta. Binti akatupa kipimo chake, akaja kumsaidia. Ulikuwa uzito wa mtu. Kikatoka kichwa, kisha mabega, kisha harufu ya petroli kali iliyowatoa machozi wote wawili. Wakamlaza chini, wakamvua barakoa. Uso ulikuwa ule ule, ila midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akakohoa, akatapika, akavuta pumzi.

"Baba," alisema kwa shida, "kamba ilipanda bila mimi. Nilikuita. Hukunisikia?"

Mzee akageuka. Kivulini hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa juu ya ndoo, kimejaa maji hadi ukingoni.

Hapo hapo akampigia simu binti yake nyumbani kwake, mwendo wa saa nzima kwa gari.

"Mwanangu, nisikilize. Mumeo ninaye hapa, ni mzima. Akija mtu mwenye sura yake, usimfungulie."

"Ameshafika," binti yake alisema. "Nimeshamfungulia."

"Basi usimwonyeshe kuwa unaogopa. Mwambie unakwenda kuanua nguo. Toka nje, uende kwa jirani. Nakuja."

"Wewe ni nani?" binti yake aliuliza, na sasa alikuwa ananong'ona.

"Mimi baba yako!"

"Baba yangu ameingia pamoja na mume wangu. Amesimama hapa mlangoni."

Na nyuma ya pumzi za binti yake mzee akaisikia sauti yake mwenyewe, imechoka vile vile, ikisema taratibu, "Kata hiyo simu, mama. Njoo ukae na sisi."